Jeni Ipi Huanguka Kwanza? Uvimbe Sugu, Saratani na Maji ya Rufiji

Mtu wa Nyamisati au Salale, katika delta ya Rufiji wilayani Kibiti, anayeona damu kwenye haja kubwa huwa na majina matatu mdomoni kabla ya kufikiria saratani: amiba, kuhara damu, bawasiri. Mara nyingi hajakosea. Atanunua vidonge vya Flagyl kwenye duka la dawa, damu itakoma, maisha yataendelea. Anayeona damu kwenye mkojo ana jina moja tu, kichocho, na hilo hata mtoto wa shule ya msingi katika bonde la Rufiji analijua. Makala hii inachambua kile ambacho majina hayo manne hayasemi: damu ikirudi mwaka baada ya mwaka, nyama inayovimba, kupona na kuvimba tena hupatwa na nini kwenye vinasaba vya seli zake? Na kwa nini mtu wa Kibiti anayetaka kuuelewa utumbo wake aanzie kwenye kibofu cha mkojo?

Wazo kwamba saratani huota penye kidonda kisichopona ni la zamani. Rudolf Virchow, mtaalamu wa Ujerumani aliyewafundisha madaktari kutazama ugonjwa ndani ya seli, alilitoa mwaka 1863 baada ya kuona seli za kinga zimejazana ndani ya nyama ya saratani. Mwaka 1925 Burrill Crohn wa New York na mwenzake Rosenberg walieleza habari za mgonjwa wa kolaitisi ya vidonda aliyeishia kupata saratani ya utumbo mpana. Kolaitisi hiyo ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia utando wa ndani wa utumbo pasipo mdudu wa kulaumiwa. Ndugu yake, ugonjwa wa Crohn, ulielezwa rasmi mwaka 1932.

Hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani? Mwaka 2001 watafiti wa Uingereza walijumlisha tafiti nyingi za nyuma wakapata kwamba baada ya miaka 10 ya kolaitisi wagonjwa 2 katika 100 huwa wamepata saratani, baada ya miaka 20 ni 8, na baada ya miaka 30 ni 18. Miaka kumi na moja baadaye, hesabu za nchi nzima ya Denmark zilionyesha kwamba wagonjwa wa kolaitisi kwa ujumla wao walikuwa karibu sawa na watu wengine. Sioni mgongano hapo. Katikati ya hesabu hizo dawa za kutuliza utumbo zilienea, utumbo ulioharibika vibaya ulikatwa mapema, na wagonjwa wakaanza kuchunguzwa kwa kamera kila baada ya muda. Moto ukizimwa, hatari hushuka, na hilo peke yake ni ushahidi kwamba mtuhumiwa ni uvimbe, yaani kule kuvimba kwa nyama iliyoshambuliwa na kinga.

Sasa tuingie ndani ya seli, maana hapo ndipo penye utamu wa jambo hili.

Utando wa utumbo mpana una mamilioni ya vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Chini ya kila kishimo kuna seli mama chache zinazozaa seli mpya. Hizo hupanda juu, hufanya kazi siku nne au tano, kisha hudondoka na kutoka na kinyesi. Saratani ya kawaida ya utumbo, ile isiyotokana na uvimbe, huanza pale na ina ratiba yake. Bert Vogelstein na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, waliichora mwaka 1988, na miaka miwili baadaye yeye na Eric Fearon wakaiweka katika umbo ambalo wanafunzi wa udaktari hukariri hadi leo. Kwanza huharibika jeni ya APC, iliyoko kwenye kromosomu ya 5, ambayo kazi yake ni kuiambia seli iache kugawanyika. Ikiharibika, kinyama kidogo huota kwenye ukuta wa utumbo. Baadaye KRAS hubadilika na kubaki imewashwa muda wote, kinyama kikanenepa. Karibu na mwisho huanguka TP53, jeni ya kromosomu ya 17 inayotengeneza protini iitwayo p53. Huyu ndiye mkaguzi: seli ambayo DNA yake imekatika husimamishwa itengenezwe, na ikishindikana huamriwa ijiue. Mkaguzi akiondoka, kinyama hugeuka saratani. Safari hiyo huchukua miaka kumi na zaidi, na ndiyo maana kipimo cha kamera huokoa maisha. Daktari hukiona kinyama, hukikata, na ratiba inaishia hapo.

Penye uvimbe sugu ratiba hupinduka. TP53 huanguka mapema, mara nyingine kwenye utando ambao hata chini ya hadubini hauna kasoro ya kutisha. APC huharibika mara chache zaidi, na ikiharibika mara nyingi huja nyuma. KRAS nayo huonekana kwa uchache. Kiungo ni kilekile na saratani huitwa kwa jina lilelile, lakini jeni zimeanguka kwa mpangilio mwingine.

Kwa nini TP53 kwanza? Sehemu ya jibu ni kemia. Seli za kinga zikiitwa kwenye kidonda huja na silaha: oksijeni kali, haidrojeni peroksaidi, nitriki oksaidi. Silaha hizo zilikusudiwa bakteria, lakini hazichagui. Herufi G ya DNA ikiunguzwa na oksijeni, seli inaponakili huisoma vibaya na T ikachukua nafasi yake. Nitriki oksaidi nayo husaidia C kugeuka T, hasa pale C inapofuatwa na G, na jeni ya TP53 ina sehemu kadhaa za namna hiyo mahali palepale ambapo protini yake hushikia DNA. Herufi moja tu ikibadilika hapo, mkaguzi hupofuka.

Kemia peke yake haitoshi, kwa sababu mabadiliko hutokea kila mahali na mengi hayana maana. Sehemu ya pili ya jibu, ambayo kwangu ndiyo nzito, ni ushindani. Katika utumbo uliotulia, seli inayoweza kugawanyika kupita kiasi ina faida juu ya jirani zake, na APC iliyoharibika inaipa faida hiyo. Katika utumbo uliovimba kila seli tayari inahimizwa kugawanyika ili kuziba kidonda, kwa hiyo kugawanyika si faida tena. Faida ni kubaki hai. Seli yenye p53 nzima, DNA yake ikikatwa na silaha za kinga, hutii amri ya kusimama au kufa. Iliyopoteza p53 haisikii amri, inaendelea kuzaa, na watoto wake wanachukua vishimo vya majirani waliokufa. Mkulima wa mpunga wa Rufiji ataielewa haraka: mwaka wa mafuriko shamba halibaki na mbegu inayokua upesi, linabaki na ile iliyostahimili maji. Ukoo mmoja wa seli unaweza kutawala eneo pana la utumbo namna hiyo, ukiwa umetandaa bila kinyama chochote cha kuonekana. Kwa mgonjwa hilo lina maana moja ya wazi. Kamera inayotafuta vinyama inaweza kupita juu ya hatari hiyo bila kuiona, na ndiyo sababu kwa wagonjwa wa kolaitisi ya muda mrefu madaktari hunyunyiza rangi kwenye utando au huchukua vipande vingi vya nyama kutoka sehemu mbalimbali.

Kuna pia upande wa ujumbe. Seli za kinga hutuma protini za kupashana habari, kama TNF na interleukini-6, ambazo huwasha ndani ya seli za utumbo swichi iitwayo NF-kB: ishi, usife, gawanyika. Mwaka 2004 Florian Greten na Michael Karin walizima swichi hiyo kwenye seli za utumbo za panya waliosababishiwa kolaitisi. Uvimbe ulibaki vilevile, lakini saratani zilipungua kwa takriban asilimia 80. Uvimbe, kumbe, hufanya kazi mbili kwa pamoja: huharibu maandishi ya DNA, na humlinda yule ambaye maandishi yake yameharibika.

Hapo simulizi lingekuwa nadhifu kama mwaka 2020 usingelivuruga. Watafiti wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, walisoma DNA ya kishimo kimoja kimoja kutoka kwa wagonjwa 46 wenye kolaitisi au Crohn wakakuta kwamba utando uliovimba hujikusanyia mabadiliko kwa kasi ya takriban mara 2.4 ya kawaida. Hilo lilitarajiwa. Lisilotarajiwa, ambalo makundi mawili ya Japani yaliliona mwaka huohuo, ni kwamba jeni nyingi zilizobadilika hazikuwa za saratani. Zilikuwa za njia ya interleukini-17, kama NFKBIZ, jeni ambazo zikizimwa seli huacha kuumizwa na ujumbe wa uvimbe. Na NFKBIZ iliyoharibika ni adimu ndani ya saratani zenyewe. Yaani baadhi ya koo za seli zinazoshinda kwenye utumbo uliovimba zimeshinda kwa kuziba masikio, na huenda zinashika nafasi ambayo seli mbaya zaidi ingeitaka. Mabadiliko ya jeni, kwa hiyo, yasihesabiwe kama madeni yanayolundikana tu. La kuuliza ni nani ameshinda, na katika mazingira gani.

Bakteria nao wamo. Utumbo ukivimba, aina fulani za E. coli huongezeka, na baadhi yao hutengeneza sumu iitwayo kolibaktini inayoacha alama yake ya pekee kwenye DNA. Uchambuzi wa saratani 981 kutoka nchi 11, uliochapishwa mwaka 2025, uliona alama hiyo mara 3.3 zaidi kwa waliougua kabla ya miaka 40 kuliko kwa waliougua baada ya 70. Katika nchi hizo 11, hakuna hata moja ya Afrika.

Turudi Kibiti. Kolaitisi ya vidonda ni nadra huku, ingawa madaktari wa Dar es Salaam na Nairobi huiona. Nyama inayovimba miaka na miaka katika bonde la Rufiji ni ya kibofu, na anayeivimbisha anajulikana: Schistosoma haematobium, mnyoo wa kichocho cha mkojo. Konokono wanaomlea, wa jenasi ya Bulinus, hawapendi chumvi, kwa hiyo mtu wa mikokoni, anayevua kamba mahali maji ya bahari yanapopanda na kushuka, ana kinga ya mazingira ambayo mkulima wa mpunga wa maji baridi, mtoto anayeoga kwenye dimbwi, na mama anayefua mtoni hawana. Mnyoo jike huishi miaka kadhaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu akitaga kila siku. Sehemu kubwa ya mayai hayatoki. Hunasa kwenye ukuta, kinga huyazingira, nyama hugeuka ngumu, na kila yai jipya huanzisha upya vita ileile. Mengine hunasa kwenye puru, mwisho wa utumbo mpana, na madaktari wa zamani walikuwa wakikata kipande kidogo cha puru ili kuyatafuta.

A. R. Ferguson aliunganisha kichocho na saratani ya kibofu mjini Cairo mwaka 1911. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, la Lyon, lilimweka mnyoo huyo kwenye kundi la 1, yaani wasababishao saratani kwa binadamu bila shaka. Mwaka uliofuata ikachapishwa kazi ambayo kwangu ndiyo daraja kati ya kibofu na utumbo: TP53 katika saratani 92 za kibofu za wagonjwa wa Misri wenye kichocho. Ukilinganisha na saratani za kibofu za watu wasio na kichocho, kulikuwa na ziada ya mabadiliko ya C kwenda T palepale C inapofuatwa na G. Ni mwandiko unaotarajiwa kwa nitriki oksaidi ya seli za kinga, uleule tuliousoma kwenye utumbo uliovimba.

Misri inatoa pia upande wa pili wa hesabu. Katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Cairo, saratani ya kibofu ya aina ya skwamasi, ambayo ndiyo ya kichocho, ilikuwa takriban robo tatu ya saratani zote za kibofu miaka ya 1970. Kufikia miaka ya 2000, baada ya dawa ya prazikwanteli kuenea, ilikuwa chini ya theluthi moja. Prazikwanteli haigusi jeni. Inaua mnyoo, mayai yanakoma, kinga inatulia, na ushindani ule wa seli unapoteza uwanja.

Nina onyo kwa atakayekimbilia kusema kwamba kila uvimbe wa tumbo huzaa saratani. Kuna kichocho kingine, Schistosoma mansoni, ambacho makao yake makuu Tanzania ni Kanda ya Ziwa. Hicho kinakaa kwenye mishipa ya utumbo wenyewe na huleta kuhara damu, lakini shirika lilelile la Lyon mwaka 1994 liliona ushahidi wa kukihukumu hautoshi, likakiweka kundi la 3. Ndugu yao wa Asia, S. japonicum, alipata 2B, yaani huenda. Maelezo ninayoyaona ya maana ni kwamba mayai mengi ya mansoni husombwa na damu hadi kwenye ini, na ndiko yanakoharibu zaidi. Mahali uvimbe unapokaa, na muda unaokaa bila kupumzika, vina uzito kuliko jina la mdudu. Amiba ya wiki mbili iliyotibiwa vizuri haipewi nafasi ya kupindua ratiba ya jeni.

Kisha kuna chakula. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi Lira na Mulago, aliona kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra mno kwa wagonjwa wake, na mwaka 1971 akaandika kwamba sababu ni nyuzinyuzi za chakula. Alidharau kidogo kwamba wengi hawakufika hospitali na wengi hawakufikia umri wa saratani. Hata hivyo kiini cha hoja yake kimesimama. Bakteria wa utumbo mpana huzichachusha nyuzinyuzi kuwa butireti, chakula kikuu cha seli za utando, ambacho pia hutuliza uvimbe. Mwaka 2015 Stephen O'Keefe na wenzake waliwabadilishia chakula kwa wiki mbili Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini: waliopewa ugali na maharage utumbo wao ukatulia, waliopewa nyama na mafuta ukawaka. Na Kilimanjaro, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2025, vijana wa kiume 77 walishiriki jaribio kama hilo. Waliotoka kwenye chakula cha nyumbani kwenda cha kimagharibi walionyesha dalili za uvimbe kwenye damu ndani ya wiki mbili, na waliorudi kwenye vyakula vya asili walionyesha kinyume chake. Anayeshuka kituo cha mabasi Kibiti, kwenye barabara ya Lindi na Mtwara, anakutana na chipsi mayai na soda kabla ya kisamvu cha nazi na ugali wa muhogo. Simlaumu mtu. Najua tu kwamba kisamvu kina butireti ya kesho.

Je, saratani yenyewe inaongezeka? Mafaili ya hospitali za Muhimbili na Ocean Road, Dar es Salaam, ya miaka ya 2005 hadi 2015, yalipopitiwa, yalionyesha wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana wakiongezeka takriban mara sita. Sehemu ya ongezeko hilo ni vipimo na rufaa. Sioni namna ya kulieleza lote kwa hayo. Rufiji ina faida moja ambayo wilaya nyingi hazina: tangu 1998 sehemu ya watu wake, pamoja na wa upande ambao sasa ni Kibiti, wamefuatiliwa kaya kwa kaya na mpango unaoendeshwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Anapofariki mtu, mhoji huja kuuliza familia dalili zake. Njia hiyo inakamata vifo vya uzazi vizuri. Saratani ya utumbo inaikimbia kirahisi, kwa sababu familia itasema tumbo lilijaa, alikonda, alitoka damu, na maneno hayo yanatosha magonjwa kumi. Bila kamera, bila kipande cha nyama na mtaalamu wa kukisoma, jeni iliyoanguka kwanza inazikwa na mwenyewe. Na kamera iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kibiti mjini. Kwa mtu wa visiwa vya delta ongeza boti na kusubiri maji yajae.

Mto nao haujasimama. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wake wa kwanza ukawashwa mapema 2024. Bwawa la Diama lilipojengwa kwenye mto Senegal mwaka 1986 ili kuzuia maji ya chumvi yasipande mtoni, konokono walipata maji baridi ya mwaka mzima, kamba wa mtoni wanaowala wakazuiwa njia ya kwenda kuzaliana kwenye maji ya chumvi, na ndani ya miaka michache kichocho cha utumbo kililipuka katika mji wa Richard-Toll, mahali ambapo hakikuwa tatizo. Bwawa la Nyerere liko mbali juu ya delta na halikujengwa kuzuia chumvi, kwa hiyo nisingetabiri Richard-Toll nyingine. Lakini mpaka wa chumvi na maji baridi utafuata ratiba ya mitambo kuliko ya masika, na konokono wataufuata. Kupima mkojo na kinyesi cha watoto wa shule za Kibiti na Rufiji miaka hii, tena mara kwa mara, ni kazi ya bei ndogo. Prazikwanteli shuleni, inayopimwa kwa urefu wa mtoto, tayari ipo. Kinachopungua ni kuwafikia wakulima, wavuvi na kina mama ambao hawako darasani.

Nigeria imeshaonyesha kwa nini swali la mpangilio linatuhusu. Watafiti wa huko na wa New York walichapisha mwaka 2021 usomaji wa jeni za saratani za utumbo mpana za wagonjwa wa Afrika Magharibi: APC ilikuwa imeharibika mara chache kuliko kwa wagonjwa wa Marekani, na saratani zenye kasoro katika mfumo wa kusahihisha DNA zilikuwa nyingi zaidi. Haifuati kwamba uvimbe ndio sababu. Kasoro ya kusahihisha DNA ina njia zake, pamoja na urithi wa familia. Inafuata tu kwamba ratiba ya Baltimore haiwezi kuazimwa Afrika bila kuikagua. Hospitali kubwa huhifadhi vipande vya nyama vya wagonjwa ndani ya nta baada ya vipimo, na DNA iliyomo inasomeka hata miaka mingi baadaye. Atakayechukua nta za saratani za puru na za kibofu za watu wa Pwani na Kanda ya Ziwa, akatafuta mayai ya kichocho pembeni ya saratani, kisha akauliza kama TP53 ilianguka kabla ya APC, atakuwa na jibu ambalo hakuna takwimu za Denmark zitakazompa.